Kupanga ni Kuchagua: Historia Fupi ya Vitabu Tulivyosoma

Kila sisi wanafunzi wa zamani tunapofika shuleni, wadogo zetu hutuuliza mengi, lakini liko swali moja lisilokosekana: "Kaka, nisome kitabu gani?" Ni swali zuri, na kwa kawaida tunalijibu ovyo. Mmoja wetu humtajia riwaya aliyoipenda alipokuwa kidato cha pili. Wa pili husema hadithi ni kupoteza wakati, heri mtoto atafute kitabu cha kumwonyesha njia ya maisha. Wa tatu husema aanze na Kiingereza, maana bila Kiingereza mtihani haupiti. Mwanafunzi huondoka na majibu matatu, asijue ashike lipi.

Safari hii swali lina uzito zaidi, kwa kuwa Umoja wetu umeazimia kuchangia vitabu vya maktaba ya shule hapa Nkuhungu. Fedha si nyingi, na tayari maoni yamegawanyika. Wako wanaotaka zote ziishie kwenye vitabu vya kiada. Wako wanaotaka vitabu vya ujasiriamali na mafanikio, na wako wachache wanaozitetea riwaya. Makala haya hayana nia ya kumfunga mtu mdomo. Nia yake ni kutazama nyuma kidogo: ni nani aliyekuwa akituchagulia vitabu katika nchi hii, hasa sisi wa Dodoma na nyanda za kati, alituchagulia nini, na sisi wasomaji tulifanya nini. Historia haitoi amri, lakini humwonyesha msafiri mahali penye shimo.

MWANZO: KITABU KIMOJA KWA WOTE

Mtu wa Ugogo aliyejifunza kusoma mwanzoni mwa karne ya 20 hakusumbuliwa na uchaguzi. Vitabu vilikuwa vichache, na vyote vilikwisha kuchaguliwa na mtu mwingine. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na kabla ya mwaka 1900 sehemu za Biblia zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa kwa Kigogo. Msomaji alianza na kitabu cha herufi, akaenda kwenye Injili na nyimbo za kanisani. Kwa upande wa Waislamu, watoto walisoma Kurani chuoni kwa herufi za Kiarabu. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, barua na magazeti yalianza kufika kwa wepesi zaidi, na Kiswahili, ambacho Wajerumani walikitumia katika shule na utawala, kikazidi kuenea.

Chini ya Waingereza hali ilibadilika. Mwezi wa Januari 1923, Idara ya Elimu ilianza kutoa gazeti la *Mambo Leo* mjini Dar es Salaam. Gazeti hili lafaa kukumbukwa na kila anayezungumzia habari ya kuchagua vitabu. Humo mlikuwa na habari za nchi, mafundisho ya kilimo na afya, hadithi za kuendelea, mashairi na barua za wasomaji. Mtu aliyelifungua ili ajue bei ya mazao alikutana na shairi. Aliyefuata hadithi alipitia ushauri juu ya homa. Na wote wawili, pasipo kujua, walikuwa wakijifunza Kiswahili cha kuandika, kwa sababu wengi wao, kama Wagogo, walikuwa na lugha nyingine ya nyumbani. Hadithi, maarifa ya maisha na lugha vililala kitanda kimoja, na hakuna aliyelalamika kubanwa.

Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilikubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Kitabu kisichokuwa na ithibati kilipata taabu kuingia darasani. Johnson mwenyewe alikuwa hodari wa kutafsiri. Kwa kalamu yake wasomaji walipata *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, vyote vya mwaka 1929. Vijana walivipenda. Lakini angalia, ndugu msomaji: shujaa wa vitabu hivyo ni Mzungu anayetafuta mali katika nchi ya watu wengine. Aliyechagua alichagua lugha safi na kisa kitamu, na kwa mkono uo huo akachagua nani awe shujaa. Mwaka 1934 kilipotoka *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, Mwafrika wa pwani ya Kenya, wasomaji waliona kwamba hata habari zetu wenyewe zaweza kuandikwa kitabuni na Mwafrika.

WAANDISHI WAWILI WALIOKANYAGA VUMBI LETU

Mwaka 1948 serikali za kikoloni ziliunda Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Ofisi hii ilitoa vijitabu vya ufugaji, afya na uraia, ikatoa hadithi, ikafanya mashindano ya waandishi. Mmoja wa waliotolewa vitabu nayo alikuwa mtu wa hapa hapa kwetu.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, mashariki mwa mji wa Dodoma. Alikuwa Mgogo, Kiswahili alijifunza. Mwaka 1954 ilitoka *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, ambayo hadi leo ndiyo ya kuanzia kwa anayetaka kujua habari za watu wa nchi hii kavu. Mwaka 1961 alitoa hadithi, *Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili*. Mwaka 1963 ikatoka diwani yake ya mashairi, na mwaka 1965 *Waadhi wa Ushairi*, kitabu cha mawaidha kwa njia ya tungo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alikuwa kiongozi katika chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera. Alifariki mwaka 1969, na *Ngonjera za UKUTA* zikafuata mwaka 1970 na 1971. Wengi wetu tuliopanda jukwaani tukiwa watoto, mmoja akijifanya mjinga na mwingine akimjibu kwa vina, tulikuwa tukifuata njia aliyoifyeka Mgogo huyu. Habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe, *Maisha ni Kugharimia*, zilipigwa chapa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake.

Mwandishi wa pili si wa kwetu kwa kuzaliwa. Ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 upande wa Tanga, lakini utumishi wake serikalini ulimfikisha Mpwapwa katika miaka ya 1940, alipokuwa karani wa idara ya mifugo. Huyu naye hakukubali kufungwa katika rafu moja. *Kusadikika* cha mwaka 1951 ni hadithi ya nchi isiyokuwapo, yenye mambo ya nchi zilizopo. *Kielezo cha Insha* cha mwaka 1954 ni cha kumfunza mtu kuandika. Aliandika maisha yake mwenyewe, akaandika maisha ya mwimbaji Siti binti Saad, akatunga tenzi za kumwasa mwanawe. Miswada yake mingine ilikosa mchapaji kwa muda mrefu: *Kufikirika* ilitoka mwaka 1967 na *Utubora Mkulima* mwaka 1968, naye alikwisha kufariki tangu 1962.

Nawataja wawili hawa pamoja kwa sababu moja. Tukiwapanga leo katika maktaba kwa kufuata mabishano yetu, tutalazimika kuwakata vipande: hadithi huku, mawaidha kule, lugha kwingine. Wao wenyewe hawakuona mipaka hiyo. Waliandika kwa ajili ya msomaji mmoja, yule yule, aliyehitaji kucheka, kuishi vizuri na kusema sawasawa.

RIWAYA ZILIZOSOMWA CHINI YA DAWATI

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi ilianza kujichagulia. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka uo huo Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Tanzania Publishing House ilikuwa imekwisha kuanzishwa mwaka 1966.

Shule zikachagua vitabu vyenye mafunzo. Wasomaji, hata hivyo, walikuwa na orodha yao ya siri. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa ameshinda mashindano ya Ofisi ya Vitabu ya mwaka 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960, na Bwana Msa wake, mpelelezi mwenye kiko, akapata wafuasi kila mahali. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Vitabu hivi vilipita toka mkono hadi mkono mpaka jalada likachanika, na wataalamu wakaviita fasihi pendwa, jina ambalo lina sifa na dharau ndani yake.

Je, vilikuwa na faida? Wako waalimu waliovinyang'anya na kuvifungia ofisini. Lakini mwanafunzi aliyesoma kurasa 150 za upelelezi kwa usiku mmoja, kwa taa ya chemli, alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna zoezi la sarufi lingeweza kumlazimisha kulifanya: alisoma haraka, kwa hamu, bila kuhesabu kurasa. Aliyezoea hivyo hakuogopa tena kitabu kinene, na kitabu kinene ndicho kilichomngoja mbele.

Mwaka 1971 kilitoka kitabu kilichochoma. Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alitoa *Rosa Mistika*, habari za msichana aliyelelewa kwa ukali wa kupita kiasi na yaliyompata alipotoka nyumbani. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kwa kuonekana kwamba kinasema mambo yasiyofaa masikioni mwa vijana. Baadaye kiliruhusiwa, kikawa hata miongoni mwa vya kusomwa kwa mtihani. Maneno ndani yake hayakubadilika. Waliobadilika ni wachaguzi. Jambo hili halikuishia zamani hizo. Mwezi wa Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku shuleni vitabu kadhaa vya kigeni vya watoto. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anasoma nini, na Wizara vile vile. Ila historia ya *Rosa Mistika* yatutaka tusome kwanza, ndipo tuhukumu.

KUJIENDELEZA KWA KALAMU NA JEMBE

Sasa tuje kwenye vitabu vya kujiendeleza, ambavyo vijana wengi wa leo huvitafuta kuliko vingine. Katika barabara za mjini Dodoma havikosekani: namna ya kuwa tajiri, namna ya kufikiri, namna ya kuwashawishi watu. Asili yao ni ya mbali. Samuel Smiles, mtu wa Scotland, alitoa kitabu chake *Self-Help* mwaka 1859, na jina la kitabu likawa jina la aina nzima ya vitabu. Huko Marekani Dale Carnegie alifuata mwaka 1936 na Napoleon Hill mwaka 1937. *Rich Dad Poor Dad* cha Robert Kiyosaki ni cha mwaka 1997. Vyote vina wimbo mmoja: wewe peke yako, ukitaka, utaweza.

Nchi yetu nayo ilikuwa na vitabu vyake vya kujiendeleza, na yafaa vijana wajue vilivyofanya kazi. Mwaka 1969 yalianza masomo ya vikundi kwa njia ya redio, na somo la kwanza liliitwa *Kupanga ni Kuchagua*. Mwaka 1970, ambao Mwalimu aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, likaja *Uchaguzi ni Wako*. Lililotia fora ni *Mtu ni Afya* la mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kikundi kilikaa chini ya mti pamoja na redio na kijitabu, kipindi kilisikilizwa, kiongozi alisoma ukurasa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, watu walijadiliana, kisha, na hapa ndipo penye siri, waliamua watakwenda kufanya nini kabla ya kukutana tena. Wakachimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakachemsha maji. Mwaka 1975 likafuata *Chakula ni Uhai*, somo ambalo sisi wa Dodoma, tunaoijua njaa kwa jina na kwa sura, hatukuhitaji kuelezwa umuhimu wake.

Vitabu vya kisomo navyo viliandikwa kwa kufuata kazi za watu. Wenye pamba walijifunza herufi kwa habari za pamba, wavuvi kwa uvuvi, wafugaji kwa ng'ombe. Katika upimaji wa mwaka 1975, watu wazima waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 61. Mwaka 1986 walifikia asilimia 90.4. Ni kazi kubwa, na watu wa nje walikuja kuitazama. Lakini miaka iliyofuata kiwango kilishuka, na mojawapo ya sababu ni kwamba aliyekwisha kujua kusoma alikosa cha kusoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Ofisi ya Vitabu ikaenda nayo. Fedha za kigeni zikapungua, karatasi ikawa adimu. Darasa zima lilitegemea nakala tatu au nne za kitabu, na mwalimu akajaza ubao kwa notisi. Mazoea ya notisi yalizaliwa na dhiki. Dhiki ilipopungua, yenyewe yakabaki.

Tukilinganisha *Mtu ni Afya* na vitabu vinavyouzwa barabarani leo, tofauti haiko katika jalada wala uzuri wa maneno. Kijitabu kile kilikuwa na mwisho unaoonekana kwa macho: choo kimechimbwa au hakikuchimbwa. Kitabu cha kujiendeleza kinachostahili fedha za mwanafunzi kipimwe kwa kipimo hicho hicho. Je, baada ya kukisoma kuna jambo ambalo naweza kulifanya kesho, hapa Nkuhungu, kwa nilicho nacho? Kama jibu ni kusisimka tu, msisimko huo utaisha kabla ya wiki, na msomaji atatafuta kitabu kingine cha kumsisimua. Na kama kinamwambia kwamba maskini wote ni wavivu wa kufikiri, akumbuke kwamba mkulima wa Ugogo akikosa mvua hajakosa akili.

LUGHA: KAMUSI HAITOSHI

Rafu ya tatu ni ya lugha. Wageni walioandika vitabu vya kujifunza Kiswahili walikuwa wengi kutangulia wenyewe wenye lugha. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha mafunzo ya lugha mwaka 1870, na mwaka huo huo akatoa mkusanyo wa hadithi za Unguja. Alijua kwamba anayejifunza lugha kwa kanuni bila hadithi hula ugali bila mboga. Kamusi za Johnson zilitoka mwaka 1939. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* iliyotungwa na wataalamu wetu wa TUKI ilitoka mwaka 1981.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, hata hivyo, kilio ni Kiingereza. Anatoka shule ya msingi akiwa amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kinamfungulia mlango kwa lugha nyingine. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba wengi hawakuwa na lugha ya kutosha kufuata masomo waliyofundishwa. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alisema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha ulimwengu, akitaka kisiachwe. Mradi uliofuata uchunguzi ule ulikazania usomaji, ukapeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Fikira yake ilikuwa sahihi: mtoto anayesoma hadithi kumi fupi anazozielewa hupata faida kuliko anayekokota riwaya moja nzito kwa kamusi mpaka akate tamaa.

Mwalimu mwenyewe alikuwa ametuonyesha njia nyingine. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya *Julius Caesar*, na mwaka 1969 *Mabepari wa Venisi*. Alizifanya kazi hizo akiwa na nchi ya kuongoza. Kwa wadogo zetu faida yake ni hii: kitabu kinachopatikana katika lugha zote mbili ni mwalimu asiyedai ada. *Animal Farm* cha George Orwell kilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere kuwa *Shamba la Wanyama* mwaka 1967. *Things Fall Apart* cha Chinua Achebe kikawa *Shujaa Okonkwo* mwaka 1973. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika *Paradise* mwaka 1994. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akakileta nyumbani kwa jina la *Peponi*. Soma sura moja kwa Kiswahili upate kisa, kisha sura hiyo hiyo kwa Kiingereza. Maneno mapya yatakujia yakiwa yamekwisha kuvaa maana.

HALI YA LEO NA MASHAURI MACHACHE

Leo mji umekua mpaka Nkuhungu imejaa nyumba. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2018. Vitabu si haba kama miaka ya 1980. Waandishi wapya wanatokea, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023. Lakini ukimtembelea mwanafunzi wa kidato cha nne utakuta anasoma uchambuzi wa *Takadini* au wa *Watoto wa Mama N'tilie* badala ya vitabu vyenyewe. Ameambiwa maudhui na dhamira, ameyakariri, na atapata alama. Anaujua mchuzi kwa kusimuliwa. Hili ndilo shimo ninalotaka tulione kabla hatujatoa fedha: tukinunua vya mtihani peke yake, tutakuwa tumemnunulia notisi nyingine.

Kwa hiyo, kwa ndugu zangu wa Umoja, natoa shauri. Fedha zetu zigawanywe kwa rafu zote tatu, na sehemu kubwa kuliko zote iende kwenye hadithi, kwa sababu rafu hiyo ndiyo inayozaa wasomaji wa rafu nyingine. Tununue nakala sita sita za vitabu vichache, ili vikundi visome pamoja kama chini ya mti wa *Mtu ni Afya*. Mnyampala asikosekane; ni aibu mtoto wa Dodoma kumjua Carnegie na kutomjua mtu wa Ihumwa. Halafu, sehemu moja ya fedha waachiwe wanafunzi wenyewe wachague. Watachagua riwaya za upelelezi, na tusishtuke.

Kwa wadogo zangu, mambo ni mepesi. Kila muhula chagua vitabu vitatu: kimoja cha hadithi, kimoja cha kukufunza jambo la kufanya, kimoja cha lugha. Kabla ya kukichukua, fungua ukurasa wa katikati, siyo wa kwanza, usome. Kama ni cha Kiingereza, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vikikunjika vyote vitano kabla ya ukurasa kwisha, kirudishe kwa sasa, utakirudia mwakani. Tazama jina la mwandishi, mwaka wa kuchapwa na mahali kilipochapwa, maana kila kitabu kina mtu aliyekichagua kabla yako na kina sababu zake. Kitabu ukikiona kibaya baada ya kurasa 30, una ruhusa ya kukiacha. Ukikiona kizuri, mpe mwenzako.

Na ukiulizwa na kaka aliyekuja kutembea shuleni unasoma nini, mjibu kwa jina la kitabu ulichokichagua mwenyewe, kisha umuulize yeye cha kwake ni kipi. Wengi wetu tutababaika, na itatufaa.